Maziwa Yaliyolala

Siku moja, baada ya somo la historia, mwanafunzi wa kidato cha pili alinijia akiwa na kopo tupu mkononi. Alikuwa ameliokota karibu na duka moja mjini Voi. Juu yake paliandikwa kwamba mlikuwamo mtindi wa Kigiriki, wenye ladha ya matunda, usiotiwa sukari. Akaniuliza, "Mwalimu, Wagiriki walifundishwa na nani kugandisha maziwa? Na sisi Wataita je, hatukuujua mtindi mpaka ulipoletwa na makopo?"

Nikamwuliza kwa nini jambo hilo limemshughulisha hivyo. Akanieleza kwamba mama yake alikuwa ameambiwa hospitalini kuwa ana ugonjwa wa sukari, naye ni mpenzi wa mtindi tangu utoto wake. Mtindi wa bei nafuu ulikuwa umetiwa sukari. Na ule usiotiwa sukari, bei yake ilikuwa juu ya uwezo wao. Hivyo mama ameuacha kabisa, akidhani kwamba chakula hicho ni cha wageni na matajiri.

Sikumjibu siku ile, maana jawabu la haki lilihitaji kuchunguzwa. Haya yafuatayo ndiyo jawabu langu, nami nawapa ninyi nyote, kwa kuwa historia si habari za vita na watawala tu; hata kibuyu kilichotundikwa jikoni kina historia yake.

Kwanza yafaa tujue kwamba hakuna taifa moja liwezalo kudai kuwa ndilo lililobuni mtindi. Mahali popote palipokuwa na mifugo na joto, maziwa yaliyoachwa chomboni yaliganda yenyewe. Watu wakaona kuwa maziwa hayo hukaa siku nyingi kuliko maziwa mabichi, na kwamba wengi ambao huumwa na tumbo kwa maziwa mabichi huyastahimili yakisha kuganda. Wakaihifadhi kazi hiyo, kila watu kwa njia yao. Waturuki waliupa mtindi jina lenye maana ya kitu kilichokazwa kikawa kizito, na jina hilo ndilo lililoenea Ulaya na hatimaye kufika kwetu kwa sura ya "yogati". Waarabu huuchuja mtindi kwa kitambaa wakapata labneh. Wagujarati nao huutundika katika nguo mpaka maji yake yatoke, kisha huutia sukari na iliki, wakauita shrikhand. Basi kuchuja mtindi hadi uwe mzito si siri ya Wagiriki peke yao.

Lugha yetu nayo ina ushahidi wake. Tuna mtindi, tuna maziwa ya mgando, tuna maziwa lala, yaani maziwa yaliyolazwa usiku kucha hata yakaganda. Hilo jina "mala" lililopigwa chapa juu ya pakiti madukani ni ufupisho wa maneno hayo mawili. Watu hawatungi majina mengi hivyo kwa kitu wasichokijua.

Tuitazame sasa nchi yenyewe. Taita ni nchi ya vilima vitatu, Dawida, Sagalla na Kasigau, vilivyosimama katikati ya nyika kavu. Mji wa Voi uko katika kimo cha mita 600 hivi juu ya bahari, na jua lake ni kali. Lakini kilele cha Vuria katika Dawida chapita mita 2,200, na huko ukungu hufunika mashamba asubuhi. Wazee walilima vilimani kwa mifereji ya maji, na mifugo wakailisha vilimani na nyikani. Tena mtu mwenye busara hakuwaweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa jamaa na marafiki wa mahali mbalimbali, wawatunze na kunywa maziwa yao, ili maradhi au ukame usimfilisi kwa siku moja. Upande wa Taveta, na katika mbuga zilizouzunguka, walikuwapo pia Wamasai, ambao husafisha vibuyu vyao kwa kijinga cha mzeituni wa porini. Moshi na joto lake huua vijidudu vibaya na kuyapa maziwa harufu yake njema. Mbali zaidi, katika Bonde la Ufa, Wakalenjin husugua vibuyu kwa makaa ya mti maalumu, nao huyaita maziwa yao mursik. Kila kibuyu kilikuwa na mabaki ya mgando wa jana ya kuugandishia mgando wa leo. Sukari haikuhitajiwa wala haikuwapo.

Je, ustadi huo ulidhoofikaje? Pigo la kwanza lilikuwa sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe uliingia pembe ya Afrika katika miaka ya mwisho ya 1880, ukashuka kusini kwa kasi ya kutisha, na kabla ya mwaka 1900 ulikuwa umemaliza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Nyuma yake ikafuata njaa kali ya mwishoni mwa miaka ya 1890, iliyowaua watu wengi katika Taita na Ukambani. Zizi likiwa tupu, kibuyu nacho hukauka. Ni mwaka 2011 tu ndipo ulimwengu ulipotangaza kuwa sotoka imekwisha kabisa.

Pigo la pili lilikuwa la ardhi. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imekwisha kuipita Voi na kufika Tsavo mwaka 1898. Katika vita vya dunia vya kwanza, Waingereza wakajenga tawi la kutoka Voi kuelekea Taveta, ili wapeleke majeshi kupigana na Wajerumani waliokuwa wameiteka Taveta mwaka 1914. Reli ikaleta mashamba makubwa ya mkonge huko Voi na Mwatate, na nyanda ambazo ng'ombe walizilisha zikapungua. Watu wa Taita wakanung'unika, wakaunda chama chao, Taita Hills Association, kuidai ardhi. Serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku mwaka 1940, pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba. Kisha mwaka 1948 sehemu kubwa ya nyika ikawekwa kuwa Hifadhi ya Tsavo. Ndovu wakapata makao. Mchungaji akafungiwa njia.

Pigo la tatu halikuonekana kuwa pigo, kwa sababu lilikuwa tamu. Reli ilijengwa na wafanya kazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na baada yake maduka yakafunguliwa kando ya vituo. Chai ya maziwa na sukari ikawa kinywaji cha kila nyumba. Sukari haikuwa ngeni kabisa pwani. Katika karne ya 19 miwa ya Pangani ililimwa na kukamuliwa kwa jasho la watumwa. Lakini sasa ilitengenezwa kwa wingi: kiwanda cha Miwani karibu na Kisumu kilianza mwaka 1922, na kile cha Ramisi katika Kwale mwaka 1927. Baada ya uhuru vikafuata Muhoroni, Chemelil na Mumias. Tafakari basi: maziwa machache yaliyobaki nyumbani yalikwenda katika birika la chai. Yatakayolazwa kibuyuni yatoke wapi?

Wakati huohuo huko Ulaya mtindi ulikuwa ukipanda cheo. Mwaka 1905 Stamen Grigorov, kijana wa Bulgaria aliyekuwa akisoma Geneva, aliona kwa hadubini mmoja wa vijidudu viugandishavyo mtindi wa kwao. Mtaalamu Ilya Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris akaeneza wazo kwamba wakulima wa Bulgaria huishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa yao ya mgando. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, lakini angalieni msichanganye mambo: alipewa kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, wala si kwa maziwa. Mwaka 1919 Isaac Carasso, mzaliwa wa Thessaloniki, alianzisha Danone mjini Barcelona, na mtindi wake ukauzwa katika maduka ya dawa. Ulikuwa mkali, hauna utamu. Wamarekani wengi hawakuupenda. Basi mwaka 1947 kampuni hiyo huko Marekani ikauwekea matunda yaliyopikwa kwa sukari chini ya kikombe. Biashara ikastawi. Hivyo ndivyo chakula kilichouzwa kama dawa kilivyogeuzwa kuwa kitamutamu.

Hapa Kenya, mwaka 1925 walowezi waliunda Kenya Co-operative Creameries, na kwa muda mrefu faida ya soko la maziwa ilikuwa yao. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliowafungulia Waafrika wengi mlango wa kufuga ng'ombe wa kisasa, na leo ng'ombe hao hufugwa hata katika vilima vya Taita. Mwaka 1979 serikali ikaanza kuwagawia watoto wa shule za msingi maziwa bure. Mwaka 1992 soko la maziwa likafunguliwa kwa wenye viwanda wengine, na aina za mtindi zikaongezeka madukani. Na huo uitwao wa Kigiriki? Kampuni ya Fage ya Athens, iliyotokana na duka la maziwa la mwaka 1926, ilianza kuuza mtindi uliochujwa kwa jina la Total mwaka 1975. Ukaenea Ulaya, kisha Marekani, na sifa yake ikatufikia.

Sasa narudi kwa mwanafunzi wangu. Nilipokwisha kumsimulia haya, aliniambia, "Basi, Mwalimu, twaweza kuutengeneza." Tukaandika pamoja namna ya kuufanya, akaenda nayo kwao.

Chukua lita 2 za maziwa safi. Yapashe moto hadi nyuzi 85 za sentigredi, yakae katika joto hilo dakika 10 au zaidi. Hapa tusiwaige wazee katika kila jambo: maziwa mabichi yaweza kubeba kifua kikuu na homa ya kutupa mimba, nao hawakuwa na njia ya kuyajua hayo. Yaache yapoe mpaka nyuzi 43 hivi. Asiye na kipimajoto na atie kidole kilichooshwa vyema, akiweza kuhesabu hadi kumi bila kuungua, yamekuwa tayari. Koroga ndani yake vijiko 3 vikubwa vya mtindi wenye bakteria hai, usiotiwa kitu. Funika, ufunge chombo kwa blanketi, ukiache kwa saa 6 hadi 8 pasipo kukitikisa. Bakteria hula sukari ya asili ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo igandishayo. Kisha umimine mtindi katika kitambaa cha melimeli kilichochemshwa, uutundike mahali pa baridi saa chache mpaka ubaki karibu nusu yake. Kwa joto la Voi, asiye na jokofu auchuje muda mfupi na kuula siku hiyohiyo. Maji yake yasimwagwe. Hufaa kupikia uji.

Gramu 100 za mtindi wa kawaida zina gramu 3 na nusu hivi za protini. Ukichujwa hufika 9 au 10. Na ladha? Nchi yetu haina upungufu. Mibuyu imejaa nyikani, na unga wa ubuyu una ukali wa kupendeza. Ndizi mbivu hutoka Taveta, katika mashamba yanyweshwayo na chemchemi za Njoro Kubwa. Iko iliki, uko mdalasini. Vitu hivi vitiwe mtindi ukisha kuchujwa. Lakini nikamwonya pia: maneno "bila sukari" maana yake ni kwamba hatukuongeza sukari. Maziwa yana yake kidogo, na ndizi ina yake. Asali nayo ni sukari iliyovaa nguo nyingine. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tuipatayo katika chakula, na ikishuka hadi gramu 25 hivi kwa siku ni bora zaidi. Mgonjwa afuate kipimo alichopewa na wauguzi wake.

Baada ya wiki mbili kijana akarudi. Mara ya kwanza, alisema, alitia mbegu maziwa yakiwa moto mno, bakteria wakafa, na asubuhi akakuta maziwa yaleyale. Mara ya pili yakaganda. Mama yake alionja mtindi uliotiwa ubuyu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huu ndio wa nyanya yako, ila wake ulinukia moshi."

Nilimwambia ayaandike maneno hayo katika daftari lake la historia, maana yalikuwa jawabu la swali lake kuliko yote niliyomsimulia. Wahenga walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Wala hawakumaanisha kwamba mbacha usifuliwe. Tuchukue kipimajoto cha leo na kibuyu cha jana, na kila mmoja wenu, arudipo kwao likizoni, amwulize mzee wa nyumba yake maziwa yalilazwa wapi, na kwa mti gani kibuyu kilisafishwa. Aulize mapema, kwa kuwa wajuao hayo wanapungua kila mwaka, na maarifa yasiyoulizwa huzikwa pamoja na mwenyewe.