Ratili 757: orodha ya mizigo ya safari ya gizani

Kuna wasomaji wakipewa kitabu cha safari wanaziruka kurasa za orodha ya mizigo. Mimi huanza nazo. Kazi ya uandishi wa habari imenifundisha kwamba ukitaka kujua wakubwa wanawaza nini, hotuba waachie wengine, wewe kasome bajeti. Safari nayo ina bajeti yake. Mtu anaweza kukuambia anaisafiria sayansi, Mungu au taifa lake, lakini kilichomo kwenye mizigo ndicho kinachosema anaogopa nini na anaamini nini.

Orodha ninayotaka tuisome pamoja leo imo ndani ya kitabu The Worst Journey in the World, alichokichapisha Mwingereza Apsley Cherry-Garrard mwaka 1922. Wapenzi wengi wa vitabu vya safari wanakiweka juu kabisa. Kinahusu msafara wa Kapteni Robert Falcon Scott kwenda Antaktika, ule uliomalizika kwa Scott na wenzake wanne kufa wakirudi kutoka Ncha ya Kusini. Lakini safari iliyokipa kitabu jina lake si hiyo ya Scott. Ni nyingine fupi, ya wiki tano, ya watu watatu, waliyoifanya katikati ya majira ya baridi ya mwaka 1911, wakati huko jua halichomozi kabisa.

Walikuwa Dk. Edward Wilson, mkuu wa wanasayansi wa msafara. Henry Bowers, ofisa mfupi mwenye nguvu za ajabu ambaye wenzake walimwita Birdie. Na Cherry-Garrard mwenyewe, kijana wa miaka 25, tajiri aliyechangia pauni 1,000 ili apewe nafasi kwenye msafara. Macho yake hayakuona mbali, na kwenye baridi ile miwani haikuvalika. Yaani tuseme ukweli: mmoja kati ya watatu hao alikwenda gizani akiwa nusu kipofu.

Walifuata nini? Mayai. Pengwini mkubwa kuliko wote hutaga katikati ya baridi kali, na kundi lililojulikana wakati ule lilikuwa Cape Crozier, kama kilomita 108 kutoka kwenye nyumba yao ya mbao pale Cape Evans. Wanasayansi wengi wa enzi hizo waliamini kwamba kiinitete kinapokua hupitia hatua za mababu zake. Wilson aliona pengwini huyo ni ndege wa kale sana. Basi, akipata mayai yenye viinitete vichanga, huenda angeona namna ndege walivyotokana na wanyama watambaao. Scott alikubali, kwa sharti kwamba Wilson awarudishe vijana salama.

Sasa tuje kwenye mizigo. Cherry-Garrard ameiandika yote, kitu kwa kitu, kwa ratili, na ratili moja ni pungufu kidogo ya nusu kilo. Vitu vya kutumika vikaisha: biskuti ratili 135, pemikani 110, siagi 21, chumvi 3, majani ya chai 4, mafuta ya taa 60, mishumaa 8, karatasi za chooni 2. Pemikani ni nyama iliyokaushwa, ikasagwa na kuchanganywa na mafuta. Ukiichemsha na maji unapata mchuzi mzito. Hakuna sukari. Hakuna kakao. Usiku walikunywa maji ya moto.

Halafu vitu vya kudumu: sleji mbili, yaani vile vigari visivyo na magurudumu vinavyoburutwa juu ya theluji. Hema moja la kitambaa cha tabaka mbili. Mifuko mitatu ya kulalia ya ngozi ya kulungu wa nchi za baridi, kila mmoja na bitana yake ya manyoya laini ya bata. Jiko, beleshi, sururu, kamba, mashoka ya barafu. Sanduku la dawa na vyombo vya sayansi, ratili 40, karibu mara mbili ya uzito wa siagi. Turubai la kuezekea kibanda cha mawe watakachojenga huko huko, na ubao mmoja wa ratili 2 wa kuweka linta ya mlango. Ratili moja ya majani makavu ya kujaza ndani ya viatu yanyonye jasho. Jumla ratili 790. Wakaziacha mbao za kuvalia miguuni za kutelezea thelujini, ratili 33. Zikabaki 757, kama kilo 343. Gawanya kwa tatu: kila mtu kilo 114 za kuburuta.

Kuburuta na nini? Na mabega yao. Farasi hawakuwepo, wala mbwa. Hapo ndipo orodha hii inaponigusa mimi msomaji wa Afrika Mashariki.

Sisi tumezizoea orodha nyingine za wasafiri wa Kizungu. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, msafara wake ulikuwa na watu karibu 200. Marobota ya nguo, shanga, koili za waya, mahema, bunduki. Vyote viligawanywa katika mizigo ya ratili 60 hadi 70, mmoja kwa kila mpagazi. Kule mzigo ukizidi, dawa yake ilikuwa kuajiri mtu mwingine. Msemo wetu wa "mzigo mzito mpe Mnyamwezi" umetoka kwenye barabara hizo, na anayeucheka ni yule ambaye hajawahi kubeba. Wachache mno kati ya watu wa misafara hiyo tunawajua kwa majina, kama Sidi Mubarak Bombay. Wengine wamebaki kuwa hesabu tu ndani ya vitabu vya watu waliotembea mikono mitupu. Hata leo kwenye mageti ya Kilimanjaro mizani ipo, na kanuni inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Kanuni hiyo imewekwa kwa sababu mwenye begi siye mwenye shingo.

Orodha ya Cape Crozier ni kinyume chake: mkono ulioiandika ndio uliovuta kamba. Ndiyo maana ubao wa ratili 2 umeandikwa. Ndiyo maana majani ya viatu yameandikwa. Aliyebeba hasahau kitu kidogo.

Waliondoka tarehe 27 Juni. Hata chakula chenyewe kilikuwa jaribio, kwa sababu Scott alitaka kujua mgao upi utafaa kwenye safari ya Ncha baadaye mwaka huo. Kila mmoja akala kwa uwiano wake: Cherry-Garrard biskuti nyingi, Bowers pemikani nyingi, Wilson siagi nyingi. Baada ya siku kadhaa majibu yalikuwa wazi. Cherry-Garrard alishikwa na njaa isiyokwisha na baridi ikamchoma vidole kuliko wenzake. Wilson naye alishindwa kuimaliza siagi yake. Wakabadilishana, ziada ya huyu ikaziba upungufu wa yule. Hakuna aliyefikiria matunda wala mboga. Neno vitamini lenyewe lilibuniwa mwaka uliofuata, 1912.

Lakini kitu kilichowashinda hakikuwa kwenye orodha. Kilikuwa maji ya miili yao. Mtu akivuta kilo mia na zaidi anatoka jasho, na akilala anapumua. Kwenye nchi ya joto jasho linakauka na pumzi inapotea hewani. Kule vyote viwili viliganda ndani ya nguo na ndani ya mifuko ya kulalia. Asubuhi moja Cherry-Garrard alitoka hemani, akanyanyua kichwa aangalie mazingira, na alipotaka kukigeuza hakikugeuka. Nguo zilikuwa zimeganda katika muda wa kama robo dakika. Akavuta sleji kwa saa kadhaa akiwa ameinua kichwa. Tangu siku hiyo walijifunza kuinama mapema katika mkao wa kuvuta, kabla nguo hazijawa chuma.

Baridi ilishuka mpaka karibu nyuzi 61 za Selsiasi chini ya sifuri. Theluji ikawa kama mchanga, sleji mbili hazivutiki kwa pamoja. Wakawa wanavuta moja, wanairudia nyingine kwa kufuata nyayo zao wenyewe kwa mwanga wa mshumaa. Kila kilomita moja ya mbele walitembea tatu. Kutoka kuamka hadi kuingia kwenye kamba za kuvutia kulichukua saa nne hivi, kwa sababu mifuko ya kulalia ilibidi ikunjwe kabla haijakakamaa, na usiku ilibidi waiyeyushe polepole kwa miili yao, mguu kwanza, halafu goti.

Walifika Cape Crozier baada ya siku 19. Wakajenga kibanda cha mawe, wakakiezeka kwa lile turubai, ubao ukakaa juu ya mlango kama ilivyopangwa. Wakateremka gizani kati ya mabonge ya barafu mpaka kwa pengwini, wakachukua mayai matano. Mawili yakapasuka njiani. Wakawachuna na pengwini kadhaa wapate mafuta ya kuwashia jiko, maana yale ya taa yalikuwa yakiisha.

Kisha ikaja dhoruba. Kwanza likaruka hema, lile moja. Rudi juu ukaisome tena orodha: hema la pili hakuna. Halafu turubai la paa likachanika vipande vipande, nao wakabaki wamelala ndani ya mifuko yao, theluji ikiwafunika, wakiimba nyimbo za dini ili kila mmoja ajue mwenzake bado yupo. Siku hiyo ya pili, tarehe 23 Julai, ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Wilson. Bila hema, kurudi kilomita 108 katika baridi ile kulikuwa kifo, na wote watatu walilijua hilo.

Upepo ulipotulia wakaenda kutafuta. Bowers akalikuta hema chini ya mteremko, limejifunga kama mwavuli, zima. Sijui msomaji mwenzangu utaliitaje jambo hilo. Cherry-Garrard anasema walirudishiwa uhai wao. Usiku uliofuata Bowers alifunga kamba kutoka kwenye hema hadi kwenye mfuko wake wa kulalia. Likiondoka tena, liondoke naye.

Kuna kitu kingine Bowers alichofanya ambacho mizani haikipimi. Bitana yake ya manyoya ya bata alikuwa hajaitumia, ilikuwa kavu bado. Alimpa Cherry-Garrard, aliyekuwa akitetemeka usiku kucha mpaka mgongo unamuuma. Kijana akakataa kwa siku kadhaa, akiona ni uroho kuchukua. Mwishowe alipokea. Kwenye safari ambayo kila gramu ina mwenyewe, kutoa ratili 4 kavu ni kutoa mali yote uliyo nayo.

Walifika nyumbani tarehe 1 Agosti. Nguo zilibidi zikatwe ndipo ziwatoke mwilini. Kisha mizigo ikapimwa tena, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi mwandishi huyu: hakuishia kwenye orodha ya kwendea. Mifuko mitatu ya kulalia na bitana zake iliondoka na ratili 52 ikarudi na 118. Hema liliondoka na 35 likarudi na 60. Walikula chakula na kuchoma mafuta, mzigo ukapungua, lakini malazi yenyewe yalinenepa kwa pumzi zao. Walikuwa wameburuta jasho lao wenyewe.

Miezi michache baadaye Wilson na Bowers waliondoka na Scott kwenda Ncha ya Kusini. Walifia hemani pamoja naye Machi 1912, kama kilomita 18 tu kutoka kwenye ghala la chakula. Mikebe ya mafuta iliyowekwa njiani walikuwa wameikuta imepungua. Cherry-Garrard alikuwa amepelekwa na mbwa kwenye ghala hilo, akawasubiri siku kadhaa, akarudi. Novemba alikuwemo kwenye kundi lililowakuta. Swali la kama angeweza kusonga mbele zaidi lilimtafuna maisha yake yote. Ninapomwona mtu huyo, miaka kumi baadaye, akihesabu mishumaa na chumvi kwa ratili, sioni karani. Naona mfiwa anayepitia vitu vya marehemu.

Na mayai? Mwaka 1913 aliyapeleka mwenyewe kwenye makumbusho ya sayansi asilia jijini London, akapokelewa kama mtu aliyeleta usumbufu. Ripoti ya viinitete ilitoka mwaka 1934, ikasema havikuongeza mengi katika elimu. Nadharia yenyewe ilikuwa imeshapoteza nguvu.

Kuna watakaosema basi safari ilikuwa bure. Mimi siko nao. Kwenye historia yetu ya misafara tuna maelfu ya watu waliobeba vizito kuliko hivi, peku, kutoka pwani hadi Ujiji na kurudi, na hatuna hata mmoja wao aliyepewa kalamu na karatasi apime mzigo wake wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Tungejua mengi. Tungejua bega lilivyokuwa, chumvi ilivyogawanywa, nani alimpa nani blanketi kavu.

Kitabu cha Cherry-Garrard kinapatikana bure mtandaoni kwa Kiingereza. Ukikifungua, tafadhali usiruke ukurasa wa mizigo.