Tarzan wa 1959 na wazungu waliojipaka masizi

Wadau, leo tuweke siasa pembeni tuongelee muvi. Tatizo ni kwamba muvi yenyewe ni ya Tarzan, imepigwa Kenya, mwaka 1959. Kwa hiyo siasa itaturudia tu.

Inaitwa Tarzan's Greatest Adventure. Steringi ni Gordon Scott, mwongozaji John Guillermin. Kati ya maadui kuna kijana mmoja anaitwa Sean Connery, miaka mitatu kabla hajawa James Bond kwenye Dr. No. (Ndiyo, ni yeye huyo huyo. Na anakufa. Adui ni adui tu.) Mashabiki wengi wa Tarzan huiweka hii kati ya zile bora kabisa na mimi niko upande wao. Jane hayumo. Tarzan anaongea Kiingereza kilichonyooka, si yale maneno mawili mawili ya Johnny Weissmuller. Genge linapanda mto kwa boti kutafuta mgodi wa almasi, naye anawafuata na upinde wake. Anthony Quayle, anayecheza kama mkuu wa genge, Slade, ni mkatili wa kweli kweli, hana utani.

Kupigwa Kenya halikuwa jambo dogo. Edgar Rice Burroughs, aliyemtunga Tarzan mwaka 1912, hakuwahi kukanyaga Afrika. Katika hadithi yake ya kwanza ilivyotoka gazetini alimweka chui milia, mnyama wa Asia, ndani ya msitu wetu! Hollywood nao mwaka 1932 walichukua tembo wa Asia wakawavisha masikio ya bandia ili wafanane na wa kwetu. Sasa 1959 unaona nchi yenyewe, kwa rangi, ingawa sehemu nyingine zilipigwa studio ya Shepperton, Uingereza.

Lakini angalia inavyoanza. Ni usiku. Watu weusi wanavamia makazi madogo porini, wanaiba baruti, watu wanauawa. Kisha unagundua wavamizi si Waafrika. Ni Slade na wenzake, wazungu waliojipaka rangi nyeusi ili lawama iende kwingine.

Hapo ndipo nilisimamisha mkanda.

Kenya ya mwaka huo ilikuwa bado chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 kwa ajili ya kupambana na Mau Mau, na haikuondolewa mpaka Januari 1960. Moja ya mbinu za serikali ya kikoloni ilikuwa vikundi bandia. Wapiganaji waliokamatwa na kugeuzwa walirudishwa msituni wakijifanya bado ni Mau Mau, na maofisa wa kizungu waliongozana nao wakiwa wamejipaka weusi usoni na kuvaa matambara. Si uvumi wa vijiweni huu. Frank Kitson, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyekuwa kinara wa kazi hiyo, aliandika kitabu kizima, Gangs and Counter-gangs, kikatoka mwaka 1960.

Sisemi kwamba walioandika muvi walikuwa wanatupa fumbo. Kujipaka masizi ni hila ya zamani ya sinema. Ila nchi ile ile, miaka ile ile, hila ile ile, na ndani ya muvi hilo ni kosa la majambazi lakini ndani ya serikali ni kazi ya ofisa. Mimi nalipwa kuandika habari, na hiyo kwangu ni habari.

Tarehe 3 Machi mwaka huo huo wa 1959, kwenye kambi ya kizuizini ya Hola, walinzi waliwapiga mahabusu mpaka 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Miezi michache baadaye watu wa London na New York wakakata tiketi kwenda kuangalia misitu ya Kenya, na katika msitu huo wahusika wote wakubwa ni wazungu. Mzungu mwema anamwinda mzungu mbaya. Wenye nchi wanapita nyuma ya kamera.

Mwaka 1960 wakarudi Kenya kutengeneza Tarzan the Magnificent, Gordon Scott tena. Baada ya hapo wakafungasha. Ya 1962 ikapigwa India. Ya 1963 ikapigwa Thailand, na Desemba mwaka huo Kenya ikapata uhuru wake, Tarzan akiwa Asia.