Daka na Susu: Historia ya Kuonyesha Vyombo katika Nyumba ya Waswahili

Mtafiti wa historia ya vyombo vya nyumbani katika upwa wa Afrika Mashariki hukutana kwanza na vigae. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alizuru pwani ya Tanganyika hadi Kilwa, akastaajabia wingi wa vigae vya kauri ya Kichina, hata akaeleza kwamba vingeweza kuzolewa kwa koleo. Miaka michache kabla ya hapo, kuanzia 1948, James Kirkman alikuwa ameanza kuchimbua magofu ya Gedi, na huko pia bakuli na sahani zilizotoka ng'ambo zilionekana kwa wingi. Tangu wakati huo, swali la vyombo gani vilichaguliwa kupamba nyumba ya Mswahili limejibiwa kwa kutazama kauri. Jibu hilo si la uongo. Hata hivyo, ni nusu ya jibu, na nusu iliyosalia imo zaidi katika msamiati kuliko ardhini.

Nusu ya kwanza inajulikana vyema. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate, hasa zile za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulichongwa safu za zidaka kwa lipu ya chokaa, na ndani ya zidaka hizo zikawekwa sahani, bakuli na vitu vingine vya thamani. Desturi hiyo iliwaingia watu akilini kiasi kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha katika Al-Inkishafi jinsi fahari ya Pate ilivyotoweka, hakuacha kuyataja madaka yaliyobaki bila vyombo vyake. Wataalamu wamehitilafiana kuhusu maana ya safu hizo. Wapo wanaoziona kuwa ni tangazo la utajiri. Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti Lamu, alisisitiza kwamba kauri iliaminika pia kuwa kinga dhidi ya husuda na madhara mengine. Dai lake linapata nguvu likilinganishwa na desturi ya kombe, yaani kuandika aya kwa zafarani juu ya sahani, kuziosha kwa maji na kumnywesha mgonjwa. Sahani katika mazingira hayo haikuwa pambo tupu.

Jambo ambalo halikutiliwa maanani ni kwamba jiko halikuwa karibu na zidaka. Katika nyumba nyingi za mawe za Lamu, jiko liliwekwa juu kabisa, chini ya kipaa cha makuti, ili moshi na joto visishuke vyumbani. Kwa hiyo ukuta uliochunguzwa na wasomi ni ukuta wa chumba cha ndani. Ukuta wa jikoni, uliotazamwa kila siku na wanawake waliopika, haukuandikwa.

Huko jikoni, na katika nyumba za udongo na makuti ambazo hazikuwa na daka hata moja, palikuwa na susu. Susu ni chombo cha kuning'iniza, kilichofungwa kwa kamba kutoka kwenye boriti, na juu yake viliwekwa vyungu, bakuli na akiba ya chakula ili panya na siafu wasivifikie. Sababu ya kuwapo kwake ni ya matumizi. Lakini kitu kilichoning'inizwa mbele ya macho hakikosi kutazamwa, wala mwenye nyumba hakosi kuchagua kipi kikae nje na kipi kifichwe. Ukutani palitundikwa ungo, kifumbu cha kukamulia tui, na kawa.

Kawa inastahili kusimamiwa kidogo. Ni kifuniko cha umbo la pia, kilichoshonwa kwa ukili uliotiwa rangi, na kazi yake ni kuzuia nzi na kuhifadhi joto la chakula. Chakula kilipopelekwa kwa wageni juu ya sinia au chano, kitu cha kwanza kilichoonekana ni kawa, si wali. Mshonaji alijua hivyo. Rangi zilipangwa kwa ajili ya macho ya mgeni, ilhali ukazaji wa ukili ulipangwa kwa ajili ya nzi, na haiwezekani kuamua lipi lilitangulia. Tofauti na kauri iliyofika kwa jahazi ikiwa tayari imepambwa, hapa mchaguzi na mtengenezaji waliweza kuwa mwanamke yuleyule.

Kwa nini basi kawa haimo katika historia? Ukili huoza, kauri haiozi. Mchimbaji wa magofu huokota kilichobaki, kisha historia ya uchaguzi wa wanawake huandikwa kwa kufuata bidhaa za wafanyabiashara.

Lugha imehifadhi baadhi ya yaliyopotea, ingawa neno halina tarehe na lisilazimishwe kuwa nayo. Sufuria, lenye asili ya Kiarabu, lilihusu chombo cha shaba. Leo ni cha alumini, jina likabaki. Kauri ni simbi na pia ni chombo cha China, kwa kufananishwa mng'ao wake, sawa na Kiitaliano ambamo neno porcellana lilitaja simbi kabla ya kutaja vyombo. Mbuzi, kibao chenye ulimi wa chuma, husemwa "mbuzi ya kukunia nazi", si "mbuzi wa kukunia nazi". Upatanisho wa kisarufi umemwondolea uhai mnyama na kumweka miongoni mwa vyombo.

Katika karne ya 20 bati la rangi, alumini na kabati la vioo viliingia mijini. Kabati lilirithi kazi ya daka: vikombe na sahani za seti hukaa humo, huoshwa vumbi, na hutolewa siku ya Idi au anapokuja mkwe. Susu haikupata mrithi wa namna hiyo. Ungo na kawa bado hushonwa na kuuzwa sokoni, na jikoni mwa nyumba nyingi bado hutundikwa kwenye msumari karibu na mlango, mahali ambapo mkono huvifikia bila kuvitafuta.