Daraja ya Msituni

Wako wanawake wengi katika historia ya Kenya waliopigana pasi na vyeo. Sisi watu wa mwambao humtaja Mekatilili wa Menza, aliyewainua Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, akapelekwa uhamishoni Kisii, naye akatoroka na kurejea kwao kwa miguu. Silaha yake ilikuwa kauli na kiapo. Muthoni wa Kirima, mwanamke wa Nyeri, alikuwa na kitu chengine zaidi: daraja ya kijeshi, tena ya juu kabisa.

Kwake yeye vita havikuanza kwa bunduki. Waingereza walipotangaza hali ya hatari, Oktoba 1952, wanawake wengi walikuwa wakiwapelekea wapiganaji wa Mau Mau chakula na habari, naye alikuwa mmoja wao. Kisha akaingia katika msitu wa Nyandarua, alikokuwa mumewe, akawa mpiganaji. Dedan Kimathi alimpa lakabu ya mnana, ndege afumaye kiota, kwa jinsi alivyojua kusuka mipango. Akapanda hata akawa Jemadari Mkuu, mwanamke pekee wa Mau Mau anayejulikana kuifikia daraja hiyo.

Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957. Wasimulizi wengi huishia hapo. Muthoni alibaki msituni karibu miaka saba zaidi, asitoke mpaka Desemba 1963, bendera ya uhuru ilipokwisha pandishwa.

Je, alitoka akiwa nani? Hapo ndipo penye fundo. Jeshi la taifa jipya lilijengwa juu ya vikosi vya King's African Rifles, vile vile vilivyokuwa vikiwasaka wapiganaji msituni. Na marufuku iliyowekewa Mau Mau na serikali ya kikoloni mwaka 1950 ilidumu katika sheria za Kenya huru hadi 2003. Kwa miaka arubaini, basi, Jemadari Mkuu alishika daraja katika jeshi ambalo sheria ya nchi aliyoipigania ililihesabu kuwa kundi haramu.

Hakubaki na sare; alibaki na nywele. Zile zilizosokotana msituni alikataa kuzinyoa, kwani matunda ya uhuru aliyoyapigania alikuwa hajayaona. Akazifuga mpaka zikapita kiuno. Mimba yake iliharibika huko huko msituni, wala hakujaaliwa mtoto. Alizoea kusema kuwa Kenya ndiyo mwanawe.

Nywele hizo zilinyolewa Aprili 2022, nyumbani kwake Nyeri, na Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza. Septemba 2023 Muthoni akafariki dunia, umri wake ukiwa umepita miaka tisini.

Watunzi wetu wa tenzi hupenda kukomea kwenye ushindi, adui akishakimbia. Atakayemtungia mwanamke huyu asikomee hapo. Ahesabu na ile miaka arubaini.