Pembe ya Kite

Pembe ya Kite ni pembe inayopimwa kwenye picha ya eksirei ya mguu wa mtoto, kati ya mhimili wa talasi (mfupa ulio kati ya goko na kisigino) na mhimili wa mfupa wa kisigino. Imepewa jina la Hiram Kite, daktari wa mifupa wa Atlanta, Marekani, aliyetibu mguu kifundo kwa plasta katika karne ya 20.

Picha ikipigwa kutoka juu, pembe ya kawaida ni nyuzi 20 hadi 40. Katika mguu kifundo mifupa hiyo miwili hukaribia kuwa sambamba, na pembe hushuka chini ya 20.

Kuipima ni kugumu kuliko michoro ya vitabuni inavyoonyesha. Sehemu kubwa ya mguu wa mtoto mchanga bado ni gegedu, nayo haionekani kwenye eksirei. Huonekana viini vya mfupa tu, vidogo na vya mviringo, na kitu cha mviringo hakina urefu wa kufuatwa na rula. Tena kiini cha talasi hakikai katikati ya gegedu lake. Mfupa wa navikula, ambao ungesaidia sana, kwa kawaida huanza kuonekana mtoto akiwa na miaka 3 hivi.

Mkao nao una athari. Mtoto asiyeweza kusimama hukandamizwa unyayo kwenye bamba, mara nyingi akilia. Mguu ukizunguka kidogo, pembe hubadilika ilhali mifupa ni ileile. Kwa hiyo wapimaji wawili wanaweza kukubaliana kabisa juu ya picha iliyopigwa vibaya. Kukubaliana huko si ushahidi kwamba kipimo ni sahihi.

Jambo hili lina uzito kwa matibabu. Kipimo kikiyumba kwa nyuzi 5 tu, mguu wa nyuzi 18 husomeka 23, na mtoto anayehitaji plasta huonekana mzima. Kinyume chake, mwingine hupelekwa kwenye upasuaji bure.

Ignacio Ponseti wa Iowa alifundisha kufuata mguu kwa vidole vya tabibu, na njia yake haitegemei eksirei kwa kawaida. Alama za Pirani, zilizobuniwa na Shafique Pirani, daktari wa Kanada mzaliwa wa Uganda, hutumia dalili 6 za kutazama na kupapasa, kila moja ikipewa 0, 0.5 au 1. Eksirei hubaki na nafasi yake kwa watoto wakubwa na kwa miguu iliyopinda tena baada ya tiba.