Safari za mkono wa diski

Mwaka 1956, huko San Jose, California, wahandisi wa IBM wakiongozwa na Reynold Johnson walizindua RAMAC, mashine iliyokuwa na sahani 50 za alumini, kila moja ikiwa na kipenyo cha inchi 24. Sahani hizo zilizunguka mara 1,200 kwa dakika na kuhifadhi herufi milioni 5. Kando yake mkono wa kusomea ulipanda na kushuka, ukachomoka katikati ya sahani hizi na kuingia katikati ya zile. Kwa wastani, kuifikia data kulichukua sekunde 0.6.

Karibu kila diski ya sahani iliyofuata imeurithi mkono huo. Kusoma kwenyewe hakuchukui muda mrefu; kinachochukua muda ni kufika.

Tuchukue diski ya kompyuta ya mezani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Mkono hutumia kama milisekunde 8 kusogea, kisha husubiri nusu mzunguko, yaani milisekunde 4 na ushei. Kwa mwendo huo, diski inamudu safari 80 hivi kwa sekunde. Ikiombwa kilobaiti 4 kila safari, itatoa kilobaiti 320 tu kwa sekunde. Diski hiyohiyo ikiombwa megabaiti nzima kila safari, itatoa megabaiti 50 au zaidi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwenye diski kibaba hicho hujaa kwa kuchelewa mno.

Hayo waliyaona wazi watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mfumo wa awali wa faili wa UNIX, mfumo endeshi wa kompyuta, ulisoma data kwa vipande vya baiti 512, na ulipata kilobaiti 20 tu kwa sekunde, asilimia 2 ya uwezo wa diski. Walipoongeza kipande hadi baiti 1,024, kasi ilizidi maradufu, ila bado ilikuwa asilimia 4 tu. Tena mfumo ulizeeka vibaya: ulianza na kilobaiti 175 kwa sekunde ukiwa mpya, na baada ya wiki chache za matumizi ukashuka hadi 30, kwa sababu vipande vya faili moja vilitawanyika huku na kule.

Mwaka 1984, Marshall Kirk McKusick na wenzake watatu walichapisha dawa yake: vipande vya baiti 4,096 au zaidi, na data zinazohusiana ziwekwe jirani. Matumizi ya uwezo wa diski yalipanda hadi asilimia 47. Ili faili dogo lisimeze kipande kizima bure, waliruhusu kipande kigawanywe. Ni kazi ya akili ya hali ya juu.

Njia ya pili ya kupunguza safari za mkono ni kache, kumbukumbu ndogo ya akiba. Mkono ukishafika, diski husoma pia data zinazofuata na kuziweka tayari. Lakini kache ya megabaiti 256 kwenye diski ya terabaiti 8 haifiki hata sehemu moja kati ya 30,000, hivyo maombi yaliyotawanyika huikosa. Wakati wa kuandika, diski huweza kusema “tayari” data zikiwa bado kwenye kache. Umeme ukikatika hapo, zimepotea.

Basi msomaji, ukihamishia maelfu ya picha ndogo kwenye diski ya nje, zifunge kwanza katika faili moja la zip, na usichomoe waya kabla kompyuta haijakuruhusu.