Fahamu: Jinsi wakazi wa mitaa ya watu weusi Marekani wanavyozuia mauaji kabla hayajatokea

Katika kipindi chetu cha asubuhi tuliposoma habari za mauaji ya risasi huko Chicago, msikilizaji mmoja alituma ujumbe mfupi akauliza: "Mtangazaji, hao watu weusi wa Marekani wanakaa tu wakisubiri polisi? Wenyewe hawafanyi kitu?" Swali ni zuri, na muda wa redio haukutosha kulijibu. Tumeandika makala hii ili uisome taratibu kwenye simu yako, na ukipenda umsomee na jirani.

Jibu fupi ni hili: hawakai. Kwa zaidi ya miaka 30 sasa, akina mama, wachungaji, vijana waliotoka gerezani, walimu na madaktari wamekuwa wakifanya kazi hii mtaa kwa mtaa. Baadhi ya kazi hizo zimepimwa na wataalamu na zimeonekana kuokoa maisha. Nyingine matokeo yake yamechanganyika. Na wapo waliokufa wakiifanya.

Tatizo lina ukubwa gani?

Marekani, watu weusi ni kama asilimia 13 ya wananchi wote. Lakini kati ya watu wanaouawa nchini humo kila mwaka, zaidi ya nusu ni weusi. Wengi ni vijana wa kiume, na wengi wanauawa kwa bunduki.

Usidhani ni kila mtaa wa watu weusi. Hata ndani ya mji mmoja, mauaji hujikusanya kwenye mitaa michache, na ndani ya mitaa hiyo wanaorushiana risasi ni kundi dogo la watu wanaofahamiana. Wakazi wengine wote ni watu wa kawaida wanaokwenda kazini, kanisani au msikitini na kurudi nyumbani.

Mitaa hiyo ilifikaje hapo? Kati ya mwaka 1910 na 1970, watu weusi wapatao milioni 6 walihama kusini mwa Marekani wakikimbia ubaguzi na kutafuta kazi viwandani, katika miji kama Chicago, Philadelphia, Baltimore na Detroit. Walikofika walibanwa wakae sehemu zao tu. Katika miaka ya 1930 ramani za serikali ziliipaka mitaa yao rangi nyekundu, maana yake ni hatari kukopesha pesa huko. Mtu mweusi hakupata mkopo wa kununua wala kukarabati nyumba. Baadaye viwanda vikafungwa, kazi zikaondoka, nyumba zikaachwa tupu. Uhusiano na polisi nao ukawa mbaya, kwa sababu wakazi wengi walikamatwa, kupigwa au kudharauliwa bila kosa. Mtu asiyewaamini polisi haendi kutoa ushahidi. Na mauaji yasipopata hukumu, ndugu wa marehemu hutaka kulipa wenyewe.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Mauaji mengi ya mitaani ni kisasi, si wizi. Fulani kampiga rafiki yangu, nami nampiga wake. Kwetu tunasema dawa ya moto ni moto, na hivyo ndivyo vijana wa kule nao wanavyowaza. Watu wa mitaa hiyo wakatafuta njia ya kuukata mnyororo huo.

Daktari aliyetoka Somalia na wazo

Mwanzo wa njia moja maarufu unapita huku kwetu Afrika Mashariki. Gary Slutkin ni daktari wa Marekani, bingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Katika miaka ya 1980 alifanya kazi Somalia akipambana na kifua kikuu na kipindupindu kwenye kambi za wakimbizi. Baadaye alijiunga na Shirika la Afya Duniani, akasaidia mapambano dhidi ya UKIMWI katika nchi za Afrika, ikiwemo Uganda.

Kambini alijifunza jambo ambalo wahudumu wetu wa afya vijijini wanalijua vizuri. Ukitaka watu wabadili tabia, mtume mtu wanayemwamini. Mkimbizi humsikiliza mkimbizi mwenzake kabla ya kumsikiliza mgeni mwenye koti jeupe.

Aliporudi Chicago katikati ya miaka ya 1990, aliangalia ramani za mauaji akaona zinafanana na ramani za kipindupindu. Risasi moja huzaa nyingine karibu yake, kama mgonjwa mmoja anavyoambukiza jirani. Akasema basi tuitibu kama mlipuko wa ugonjwa: tafuta alipo mgonjwa, zuia asiambukize wengine, kisha badili mazoea ya mtaa mzima.

Mwaka 2000 kazi ilianza West Garfield Park, mtaa wa watu weusi magharibi mwa Chicago, kwa jina la CeaseFire. Tangu 2012 inaitwa Cure Violence. Filamu ya mwaka 2011 iitwayo The Interrupters iliwafuata wafanyakazi wake kwa mwaka mzima, na ndiyo iliyowafanya wajulikane duniani.

Mpatanishi wa mtaani anafanya nini hasa?

Tuseme kijana ametukanwa kwenye mtandao na kijana wa kundi jingine. Jioni ameazima bastola. Mpatanishi anapata habari, labda kutoka kwa dada wa yule kijana. Anakwenda usiku huo huo. Anamwita kwa jina, anamtoa pembeni, anamwacha aongee mpaka hasira ishuke. Anamuuliza: "Ukienda, mama yako atamtembelea nani kesho, wewe gerezani au wewe makaburini?" Kisha anakwenda upande wa pili kuzungumza na wale wengine.

Sehemu nyingine wanayofanyia kazi ni hospitali. Mtu akiletwa na jeraha la risasi, mpatanishi huwawahi ndugu na marafiki waliosimama nje kabla hawajaondoka kwenda kulipa kisasi.

Wapatanishi wengi waliwahi kuwa kwenye magenge au kufungwa. Ndiyo sababu wanasikilizwa. Hawabebi silaha, hawakamati mtu, na hawapeleki siri za watu polisi. Hapa ndipo wanapotofautiana na sungusungu au ulinzi shirikishi tunaoujua sisi. Sungusungu hulinda na kukamata. Mpatanishi kazi yake ni kuzungumza tu, na siku akionekana ni mpelelezi, hakuna atakayemfungulia mlango.

Je, inasaidia? Ripoti ya wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Northwestern ya mwaka 2008 iliangalia mitaa 7 ya Chicago. Katika mitaa 4, matukio ya risasi yalipungua kwa asilimia kati ya 16 na 28 zaidi ya mitaa ya kulinganisha. Kwingine tofauti haikuonekana wazi. Huko Baltimore, mpango wa aina hiyo uitwao Safe Streets ulianza 2007, na katika mtaa wa Cherry Hill mauaji yalipungua kwa zaidi ya nusu, lakini mitaa mingine haikupata matokeo kama hayo. Kwa hiyo njia hii inafanya kazi pale inapopata watu sahihi na ikaendelea bila kukatika.

Akina mama wenye viti

Si kila juhudi ilianzia kwa mtaalamu. Mwaka 2015, mama mmoja wa Chicago aitwaye Tamar Manasseh alisikia habari za mwanamke aliyeuawa kwa risasi katika mtaa wa Englewood. Yeye na akina mama wengine wakabeba viti vya kukunja, wakakaa kwenye kona ile ile. Wakawasha jiko la mkaa, wakachoma nyama, wakawalisha watoto wote wa mtaa, wakarudi siku iliyofuata na iliyofuata, kiangazi chote.

Hoja yao ni rahisi. Kijana haoni vyema kufyatua risasi mbele ya mama aliyempa sahani ya chakula jana. Tena mama akikaa nje anajua nani kagombana na nani, na nani amelala njaa. Kundi lao linaitwa MASK, yaani akina mama na akina baba dhidi ya mauaji yasiyo na maana.

Lakini usije ukadhani viti vinazuia risasi. Julai 2019, akina mama wawili waliokuwa wakijitolea na kundi hilo waliuawa kwa risasi kwenye kona ile ile waliyokuwa wakiilinda. Wenzao walilia, wakazika, wakarudi kwenye viti vyao.

Makanisa ya Boston

Mwaka 1992, katika kanisa moja la watu weusi mjini Boston, vijana wa genge walivamia ibada ya mazishi na kumchoma kisu kijana aliyekuja kuzika. Wachungaji wa mitaa hiyo walishtuka. Walikuwa wakihubiri ndani huku kifo kikitembea nje. Wakaunda umoja uitwao TenPoint Coalition, wakaanza kutembea mitaani usiku kuzungumza na vijana.

Wao, tofauti na wapatanishi wa Chicago, walikubali kufanya kazi na polisi kwa masharti: tutawasaidia kuwafikia wachache wanaoua, nanyi mwache kuwasumbua vijana wote. Mwaka 1990 Boston ilikuwa na mauaji 152. Mwaka 1999 yalikuwa 31. Yapo mambo mengi yaliyochangia, na mauaji yalipungua karibu Marekani yote katika miaka hiyo, ila uhusiano huo kati ya kanisa, polisi na mitaa hutajwa sana kama sehemu ya sababu.

Kazi, nyasi na posho

Juhudi nyingine hazigusi bunduki kabisa.

Ajira za likizo: Mwaka 2012 Chicago iliwachukua wanafunzi 1,634 wa sekondari kutoka mitaa yenye vurugu, wengi wao weusi. Kwa bahati nasibu, baadhi walipewa kazi ya wiki 8 kwa mshahara wa kima cha chini, pamoja na mtu mzima wa kuwashauri. Katika miezi 16 iliyofuata, waliopata nafasi hiyo walikamatwa kwa makosa ya vurugu kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao.

Kusafisha viwanja: Philadelphia ina maelfu ya viwanja vilivyotelekezwa, vyenye taka na magugu marefu ambamo watu huficha bunduki. Wachunguzi walichukua viwanja 541 na kuvigawa kwa bahati nasibu. Vingine viliachwa. Vingine vikasafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, vikawekewa uzio mfupi wa mbao. Matokeo yalitolewa 2018: katika mitaa maskini zaidi, matukio ya bunduki karibu na viwanja vilivyopandwa yalipungua kwa asilimia 29. Wakazi nao walianza kukaa nje.

Kuwalea wachache: Mji wa Richmond, California, ulikuwa na mauaji 47 mwaka 2007. Mwaka huo ulianzisha ofisi ya usalama wa mitaa isiyo ya polisi. Tangu 2010 ofisi hiyo iliwachagua vijana wanaoaminika kuwa hatari zaidi, ikawapa mlezi wa kuwaona kila siku, safari nje ya mji, na posho ya hadi dola 1,000 kwa mwezi kwa miezi michache kama wanatimiza malengo yao. Wengi walilalamika kwamba ni kuwalipa wahalifu. Utafiti wa 2019 ulionyesha vifo na majeruhi wa bunduki walipungua kwa asilimia 55 kwa mwaka, ingawa vurugu zisizo za bunduki ziliongezeka kidogo.

Kinachokwamisha

Kwanza ni pesa. Kazi hizi hutegemea ruzuku, na ruzuku hukatwa. Mwaka 2015 jimbo la Illinois lilisimamisha fedha za wapatanishi wa Chicago, na ofisi nyingi zikafungwa. Mwaka uliofuata mji huo ulipata mauaji zaidi ya 750, mengi kuliko miaka mingi iliyotangulia. Wataalamu hawakubaliani kama sababu ni hiyo, kwa kuwa mambo mengine pia yalibadilika wakati huo. Mwaka 2022 serikali kuu ilitenga dola milioni 250 kwa miaka 5 kwa kazi za aina hii. Aprili 2025 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ikafuta mamia ya ruzuku, zikiwemo za mashirika ya mitaani.

Pili ni hatari yenyewe. Kati ya Januari 2021 na Januari 2022, wafanyakazi 3 wa Safe Streets waliuawa Baltimore. Waliobaki wanafanya kazi ya usiku kwa mshahara mdogo, na wengi wamebeba majeraha ya moyoni ya watu waliowazika.

Tatu, juhudi hizi haziondoi umaskini wala bunduki. Zinaziba ufa, lakini ukuta bado unahitaji fundi.

Tunabaki na nini?

Mwaka 2017 wachunguzi walipima takwimu za zaidi ya miaka 20 katika miji 264 ya Marekani. Waligundua kwamba kila mashirika 10 ya kijamii yaliyoongezeka kwa kila wakazi 100,000 yalipunguza kiwango cha mauaji kwa asilimia 9. Kwa miaka mingi sifa za kushuka kwa uhalifu zilipewa polisi na magereza. Utafiti huo ulionyesha kwamba mama mwenye kiti, mchungaji anayetembea usiku na kijana aliyetoka gerezani akageuka mpatanishi nao wana sehemu yao.

Basi msikilizaji uliyeuliza, jibu lako ndilo hilo. Kama mtaani au kijijini kwako kuna mtu ambaye ugomvi ukianza wote humtafuta yeye, tutumie ujumbe utuambie anafanyaje. Tutausoma kwenye kipindi.